Walikuwa Wakisaidiana

Urbanus Kioko alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumlalamikia. Hakimu akiuliza kwa Kiswahili, Urbanus aligeuza kwa Kikamba. Shahidi akijibu kwa Kikamba, naye aligeuza kwa Kiswahili, haongezi chumvi wala hapunguzi. Shahidi akilia, yeye hakulia. Shahidi akitukana, aliyataja matusi yenyewe, mojamoja, kwa sauti ileile ya upole aliyotumia kusoma somo la kwanza kanisani Jumapili. Watu walimheshimu kwa hilo. Alipopita sokoni walimpisha, wakasema yule ndiye mdomo wa mahakama.

Kesi iliyokuja kumkosesha raha ilisikilizwa mwaka 1999, katika ukumbi wa kanisa ambao hakimu aliutumia mara mbili kwa mwezi kusikiliza mashauri ya watu wa mbali. Ilikuwa kesi ya shamba.

Shamba lenyewe lilikuwa upande wa Kithyoko, kwenye ukingo wa Mto Tana, ekari sita za udongo mweusi. Mwenyewe aliitwa Kimanzi. Kwa muda mrefu Kimanzi na mkewe Nzembi walilima kama kila mtu wa huko alivyolima: walipanda ndengu na mbaazi, kisha wakaketi kuitazama mbingu. Mvua ikija walivuna, isipokuja walipanga foleni ya chakula cha msaada, na huku mto unapita chini ya miguu yao, umejaa maji.

Mwaka 1988 akaja Wambugu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Murang'a, mwenye pikapu kuukuu, akizunguka Yatta na Masinga kununua ndengu na mbuzi. Siku moja pikapu ikamharibikia karibu na kwa Kimanzi, naye akalala hapo siku tatu akingoja kipuri. Siku ya tatu alishuka hadi mtoni, akachota udongo kwa kiganja, akaunusa, akapanda kumwuliza Kimanzi kwa nini halimi kiangazi.

"Nilime kwa mate?" Kimanzi akamjibu.

Mwezi uliofuata Wambugu alirudi na injini ya kuvuta maji, mipira ya kumwagilia na mbegu za nyanya. Hawakuandikiana chochote. Kimanzi alitoa ardhi, Wambugu akatoa injini na mbegu, na jasho wakalitoa wote. Mavuno waligawana nusu kwa nusu, hapohapo shambani, kreti hii kwako na hii kwangu. Wambugu akajijengea nyumba ya mabati kando ya boma. Mwaka wa tatu wakaanza kupanda michungwa. Huyu anachimba shimo, yule anajaza samadi ya mbuzi, mpaka ikatimia miti mia moja na sitini.

Jioni moja walibishana kuhusu jina la kazi yao. Mnunuzi mmoja alikuwa amewauliza nani ni tajiri na nani ni kibarua, wakakosa la kumwambia. Kimanzi akasema kwa Kikamba hiyo inaitwa ngwatanio, yaani watu wawili wameshika kitu kimoja, kila mmoja na mkono wake, wala hakuna anayeweza kukiachia peke yake. Wambugu akaangua kicheko. Kwao, kwa Kikuyu, lilikuwa neno lilelile: ngwataniro. Kimanzi akasema Wakikuyu wamelipachika herufi ambayo haikuwa na kazi. Wambugu akasema la, Wakamba ndio walioidondosha njiani walipokuwa wakikimbia jua. Nzembi alicheka hadi akaweka chini chungu alichokuwa amebeba. Tangu siku hiyo, mtu akiuliza, walimjibu kwa neno hilo, kila mmoja kwa matamshi yake.

Kimanzi alifariki mwaka 1996. Alipougua, Wambugu ndiye aliyembeba kwa pikapu hadi hospitali, akarudi kumwagilia, akaenda tena. Baada ya mazishi kazi iliendelea kama zamani, ila sasa nusu ya Kimanzi ilipelekwa mlangoni kwa Nzembi. Wambugu alimwita mwaitu, yaani mama, ingawa hawakupishana sana kwa umri. Kufikia wakati huo alikuwa anakisema Kikamba kama mtu aliyezaliwa palepale ukingoni mwa mto.

Kisha akarudi Festus, mwana wa pekee wa Kimanzi. Alikuwa amefanya kazi kiwandani Athi River miaka kumi, kazi ikaisha, akarudi nyumbani na godoro na redio. Akakuta michungwa imeanza kuzaa vizuri na mgeni anachuma nusu. Ulikuwa wakati mbaya. Uchaguzi ulikuwa umepita juzi tu, na kote nchini watu walikuwa wamezoea kuulizana nani ni wa hapa na nani alikuja. Festus akamwambia Wambugu aondoke. Wambugu akaenda kwa chifu. Chifu alipatanisha, wakapatana kwa wiki mbili, wakaachana tena. Mwishowe Wambugu akafungua kesi asifukuzwe. Hakuwa na wakili. Alikuwa na shahidi mmoja tu, naye alikuwa Nzembi, mama yake Festus.

Asubuhi ya kesi Urbanus alikuwa akinywa chai kwenye hoteli iliyokabili ukumbi. Festus aliingia, akamsalimia kwa heshima, akaketi. Walifahamiana kidogo, walisoma shule moja ya msingi, Urbanus akiwa mbele yake kwa madarasa mengi. Festus hata chai hakumnunulia. Baadaye Urbanus alitamani kwamba angemnunulia, au angemtolea kitu, ili apate kuliita jambo hilo hongo.

"Sikuombi useme uongo," Festus alisema. "Nataka tu ukumbuke wewe ni mtu wetu. Hakimu atapanda gari lake aende. Wewe utabaki hapa na sisi."

"Mimi ninageuza maneno tu," Urbanus akajibu.

"Najua. Ndiyo maana nakukumbusha."

Basi. Festus akatoka.

Nzembi alipanda kizimbani saa tano, amevaa leso mbili safi na sweta ya Chama cha Akina Mama Wakatoliki. Hakumtazama mwanawe. Aliishika mbao ya kizimba kwa mikono yote miwili. Hakimu alikuwa mtu wa pwani, mstaarabu, mwenye haraka. Faili nyingine kumi na nne zilikuwa zimelundikana mezani.

"Mwulize, huyu Wambugu alikuwa akilipa kodi ya ardhi?"

Urbanus akauliza. Nzembi akasema hapana, kodi ya nini, hakuwa mpangaji. Urbanus akageuza.

"Marehemu mumewe alimlipa mshahara?"

Nzembi akasema mshahara wa nini, na injini ni yake? Urbanus akageuza, na watu wachache wakacheka.

"Sasa alikuwa nani kwao?"

Hapo mama akaeleza. Akasimulia pikapu iliyoharibika, na nyanya za kwanza, na jinsi Wambugu alivyolala na malaria mwezi mzima na Kimanzi akamwagilia sehemu zote mbili. Akasimulia safari za hospitali. Akaihesabu michungwa kwa mistari, nani alichimba upi. Urbanus aligeuza kila sentensi, nzima, jinsi alivyoifanya kazi hiyo maisha yake yote. Hakimu akatazama saa.

"Hayo nimeyasikia. Mwulize mpango huo wao unaitwaje. Kwa neno moja, niandike."

Urbanus akauliza. Nzembi hakusita. Alinyoosha mgongo kama mtu anayetaja jina la baba yake.

"Ngwatanio," akasema.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, katika ukumbi uleule, ndugu wawili wenye kinu cha kusaga mahindi walikuwa wamelitamka neno hilo mbele ya Urbanus, naye bila hata kufikiri aligeuza: "Ubia, mheshimiwa." Hakimu akaandika ubia, akawagawia kinu chao kwa haki. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini Urbanus alipoinua macho aliona mabenchi yamejaa watu anaowajua, wa kanisa lake, wa ukoo wa mkewe Peris, na Festus katikati yao ameegemea mbele, viwiko magotini. Akafikiri: nikisema ubia nitakuwa nimempa Mkikuyu shamba la Kimanzi kwa mdomo wangu. Alifikiri hivyo hasa, kwa maneno hayo. Halafu, upesi upesi, akatafuta neno jingine ambalo hakuna mtu angeweza kusema ni uongo, akalipata. Lilikuwa neno zuri, la kanisani.

"Anasema walikuwa wakisaidiana, mheshimiwa."

"Kusaidiana," hakimu akarudia, akiandika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Majirani wema. Mshukuru mama, ashuke."

Wambugu alikuwa amesimama nusu, mkono umeinuliwa hadi begani. Hakimu akamwuliza kama ana swali kwa shahidi wake. Wambugu alimtazama Nzembi kwa muda, akamtazama mkalimani, akaushusha mkono.

"Sina swali," akasema, akaketi.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Ilikuwa fupi, na Urbanus ndiye aliyeigeuza kwa Kikamba. Hakimu alisifu roho ya ujirani iliyokuwepo kati ya Wambugu na marehemu. Alisema ni mfano mwema kwa taifa. Lakini msaada, alisema, ni hisani, na anayefanya hisani hapati haki juu ya ardhi ya mwenziwe, wala juu ya kilichopandwa juu yake. Wambugu alipewa siku thelathini aondoe nyumba na injini yake. Miti ingebaki.

Nzembi alimkuta Urbanus mlangoni, akitia karatasi kwenye mkoba. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini miaka mingi ya foleni za chakula ilikuwa imemfundisha neno msaada.

"Mwanangu, siku ile nilisikia umesema saidia. Mimi sikusema nilisaidiwa. Uliwaambia nilisema nini?"

"Niliwaambia ulichosema, mwaitu."

"Kilekile?"

"Kilekile."

Mama alimwamini. Ndilo lililomuuma Urbanus baadaye kuliko yote. Alishusha pumzi, akamshika mkono, akasema basi ni hakimu ndiye hakuelewa, akamwombea Mungu ambariki kwa kazi ngumu. Pale ukumbini Urbanus alikuwa amechagua neno. Hapa mlangoni alikuwa amesema uongo mtupu, kwa mwanamke aliyesimama kinyume cha mwanawe wa kumzaa ili kweli isemwe.

Maisha yaliendelea. Aliendelea na kazi, na watu wakaendelea kumpisha njia. Lakini lile neno likawa halimkai vizuri mdomoni. Padri akihubiri kwamba Wakristo wasaidiane, Urbanus alikodolea macho sakafu. Chama cha mwethya cha mtaani, cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu, kikimwalika akachimbe bwawa la mtu, alienda akachimba kuliko wote. Na shahidi akitamka ngwatanio mahakamani, Urbanus alisema ubia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka hakimu mpya akamwambia asipige kelele. Peris akimwuliza ana nini, alisema ni shinikizo la damu. Mara nyingi alipanga kwenda kuzungumza, kisha akajiambia kwamba akifungua mdomo atafukuzwa kazi na watoto bado wako shule. Mwaka 2003 alisikia Nzembi amefariki. Alitoa udhuru wa semina, hakwenda maziko.

Mwaka 2006 alistaafu. Asubuhi ya kwanza bila kazi alikunywa chai, akavaa koti, na akagundua kwamba kisingizio chake kimestaafu pamoja naye. Akapanda gari kwenda Tala, kwa kuwa alikuwa amesikia Wambugu ana duka la vifaa vya ujenzi huko.

Alimkuta amezeeka, nywele nyeupe chini ya kofia ya sufu, akimpimia mteja misumari kwenye mizani. Wambugu alimtambua mara moja. Alimaliza na mteja, akavuta stuli mbili, akamkaribisha kwa Kikamba.

Urbanus hakuzunguka. "Mzee, ile siku mama alisema ngwatanio. Mimi nikasema walikuwa wakisaidiana. Nilijua neno lake. Sikulisema. Nimekuja kukuambia."

Wambugu aliifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Umekuja kuniambia kitu niko nacho miaka saba," akasema. "Mimi najua Kikamba. Nilikusikia palepale."

Urbanus akauliza: "Ulisimama. Mbona hukusema? Hakimu alikupa nafasi."

"Ningesema, ingekuwa nini? Angeitwa tena juu pale. Angeulizwa, wewe mama, huyu Mkikuyu anasema hivi, kijana wako anasema vile, nani ni mwongo? Uliona ile mikono? Alikuwa ameshika mbao kama mtu anaanguka. Alikuwa amenifanyia ya kutosha. Nikaona miti ni miti." Akatazama barabarani, ambako kijana wa bodaboda alikuwa akigombana na abiria. "Mimi nilinyamaza kwa sababu yake. Wewe ulinyamazia nani?"

Urbanus alisimama kutoka kwenye stuli.

"Nisamehe," akasema.

"Sina shida na wewe," Wambugu akasema, na haikusikika kama msamaha. Ilisikika kama mtu anayefunga duka. "Injini niliuza. Magoti yamekataa shamba. Kama unataka kuongea, enda kwa Festus. Huyo ndiye bado anakaa pale." Mteja mwingine akaingia akitaka bawaba, Wambugu akainuka.

Ilimchukua Urbanus wiki tatu kwenda. Kutoka barabara kuu alitembea hadi mtoni kwa miguu. Alitarajia kuona kijani kibichi kwa mbali, na alipokosa kukiona alidhani amepotea njia. Kisha akaona mistari. Vigogo vya michungwa vilikuwa vimesimama kwa mpango wao, vikavu, vyeupe, na mbuzi wakipitapita katikati wakila magugu. Chini yake Tana ilikuwa imejaa.

Festus alikuwa ameketi kwenye kigoda akisuka kamba. Alikuwa amekonda. Alimkaribisha mgeni, akamletea maji ya kunywa, na Urbanus akayasema yote tena, jinsi alivyoyasema Tala, huku akijiandaa kwa hasira au mshangao.

Festus hakushangaa.

"Urbanus, na mimi ni Mkamba," akasema. "Unafikiri sikuelewa mama alisema nini? Ukumbi wote ulielewa. Aliyekuwa hajui ni hakimu peke yake." Akaendelea kusuka kidogo, akaacha. "Nilikuwa nimekaa pale nikiomba useme hivyo. Ukasema. Halafu nikaogopa, sijui ni nini, nikatamani mtu asimame akukosoe. Nikamwangalia Wambugu. Naye akakaa."

"Miti ilikuwaje?"

"Mwaka wa kwanza nilivuna vizuri. Mwaka wa pili mvua ikakosa. Nilikodi injini ya mtu, ikavunjika. Nikabeba maji kwa ndoo. Miti mia moja na sitini, kwa ndoo!" Alicheka kwa pumzi tu. "Nilijua kulima kama baba alivyolima kabla ya yule mzee kuja. Sikuwa najua kulima walivyolima wakiwa wawili. Sikuwako."

Urbanus akauliza, kwa sauti ndogo, kama Nzembi aliwahi kujua.

"Nani angemwambia? Alikufa akisema hakimu wa pwani hakusikia vizuri. Wewe alikuwa anakutaja kwenye rozari." Festus aliiona sura ya mgeni wake, akageuza macho. "Miaka ile ya mwisho akili ilikuwa inaenda na kurudi. Kila Machi, mawingu yakianza, alikuwa anatoa kiti nje, anaketi kuangalia njia. Ananiuliza Wambugu anafika lini, mbona mbegu zinachelewa."

"Nawe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia yuko njiani, mwaitu."

Urbanus aliketi naye kwenye kivuli cha nyumba, wakitazama mbuzi, mpaka jua lilipoinama na Festus akainuka kwenda kuwarudisha zizini. Mmoja alikuwa amekwama kwenye matawi makavu. Urbanus alivua koti, akalitundika kwenye mwiba, akaenda kumshika pembe huku Festus akivunja matawi. Kisha akalivaa koti lake, akaaga, akaanza kutembea kuelekea barabarani kabla magari hayajaisha.